Kukodi shamba, kibali cha umma au kubisha hodi: ulinganisho kwa wawindaji wa Texas

Kwa misimu minne kundi letu la watu sita lilikodi ekari 540 za misonobari na vichaka mashariki mwa Texas kwa dola 10 kwa ekari, yaani dola 5,400 kwa mwaka, na kila mmoja wetu akitoa dola 900. Mzee mwenye shamba alipofariki, watoto wake, ambao wote wanaishi mjini, walituandikia kwamba kuanzia msimu uliofuata bei ingekuwa dola 18 kwa ekari. Jumla ikapanda hadi dola 9,720, sawa na dola 1,620 kwa kichwa. Wawili wakajitoa, na sisi wanne tuliobaki tukajikuta tukidaiwa dola 2,430 kila mmoja kwa ardhi ileile, geti lilelile na kulungu walewale. Mwindaji wa kipato cha kawaida hutolewa shambani kwa namna hii: hakuna anayemfukuza, ila kila mwenzake anapojitoa mzigo wa waliobaki huongezeka, mpaka naye anaona afadhali aondoke.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya Waswahili wa Houston, Dallas na miji jirani ambao ama wamepandishiwa kodi kama sisi, ama ndio kwanza wanaanza kuwinda na wameshaambiwa na wafanyakazi wenzao kwamba bila shamba la kukodi hakuna uwindaji Texas. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Njia zipo kadhaa, na tofauti kati yake haiko kwenye bei peke yake.

Anayetoka Tanzania anaijua kanuni kwamba mnyamapori ni mali ya umma. Marekani nayo inaishika kanuni hiyo: kulungu wa porini hana mwenyewe, na jimbo ndilo linalotoa leseni, kupanga misimu na kuweka idadi inayoruhusiwa. (Tunamwita kulungu kwa kukosa jina lingine, kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa.) Tofauti iko kwenye ardhi. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, ilhali Texas zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo mnyama ni wa wote lakini ufunguo wa geti uko mfukoni mwa mtu mmoja. Kwa ndugu zetu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, mfumo huu wote ni mgeni tangu mwanzo.

Sababu za kodi kupanda zinaonekana hata kwa macho ukipita barabarani. Wakulima wazee wanafariki na warithi wanagawana shamba vipande vipande, au wanaliuza kwa watu wa mjini wanaotaka mahali pa kupumzikia wikiendi na hawataki mgeni mwenye bunduki. Kati ya mwaka 1997 na 2017 takriban ekari milioni 2.2 za mashamba, malisho na misitu ya Texas zilitoka kwenye matumizi hayo, nyingi zikiishia kuwa makazi pembezoni mwa miji inayokua. Juu ya hapo wapo wanaokodi shamba zima kwa mkupuo na kuuza ndani yake uwindaji wa dume mwenye pembe kubwa. Mteja wa pembe hulipa mara nyingi zaidi ya mteja wa nyama, na mwenye shamba hana sababu ya kumkatalia.

Kabla ya kulinganisha, tuyatenge yale ambayo ni lazima kwa kila njia. Leseni ya kuwinda ya mkazi wa Texas ni dola 25, na mkazi ni mtu aliyeishi humu miezi sita mfululizo. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, na mwenye umri wa miaka 17 na zaidi anaweza kuyamaliza kwa intaneti. Kuhusu bunduki, mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki, lakini aliye hapa kwa viza ya muda, kwa mfano ya mwanafunzi, sheria ya shirikisho inamkataza hata kuishika, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha michache, ukiwemo ule wa kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenye shaka yoyote kuhusu hali yake ya uhamiaji amwone mwanasheria kwanza, kwa maana kosa hapa halimalizwi kwa faini.

Kukodi kwa mwaka

Mkataba wa mwaka hukupa vitu ambavyo ardhi ya umma haiwezi kukupa hata ikiwa bure. Unajenga dungu lako na kuliacha hapohapo msimu mzima. Unajua jirani yako wa kulia na wa kushoto ni nani na wamekaa upande gani, jambo ambalo kwa upande wa usalama lina thamani kubwa. Unaweza kumweka mtoto wa miaka kumi kando yako bila kuhofia kwamba mtu usiyemjua atatokea kichakani. Na Texas inaruhusu mahindi kwenye ardhi binafsi, kwa hiyo unafunga pipa juu ya miguu mitatu, lenye mota ndogo chini yake inayorusha mahindi alfajiri na jioni kwa saa uliyoipanga, na baada ya wiki chache kulungu wanaizoea sauti ya ile mota kama watoto wa shule wanavyoizoea kengele ya uji.

Gharama inayotajwa kwenye mkataba, hata hivyo, ni sehemu tu ya gharama yenyewe. Tuseme kundi lina mapipa mawili, kila moja linakula gunia la ratili 50 kwa wiki, na gunia ni dola 10. Kuanzia mwanzo wa Septemba hadi katikati ya Januari ni wiki ishirini, yaani magunia 40 na dola 400. Hapo hatujagusa betri, panya waliotafuna nyaya, petroli ya safari za kwenda kujaza mapipa tu bila kuwinda, wala bima ya dhima ambayo wenye mashamba wengi siku hizi wanaitaka kabla hawajasaini.

Anayekaribia kusaini ausome mkataba kwa jicho la mtu aliyewahi kuumia. Je, ni wa msimu wa kulungu tu, au ni wa mwaka mzima, pamoja na bata mzinga wa masika na nguruwe mwitu? Mgeni anaruhusiwa, na akija analipiwa? Ng'ombe watakuwepo wakati wa msimu? Kundi likipungua, waliobaki wanadaiwa jumla yote, au kila mtu anadaiwa fungu lake? Swali hili la mwisho sisi hatukuliuliza. Pia kuna swali la haki ya kwanza ya kuongeza mkataba na kiwango cha juu cha ongezeko la bei. Bila vifungu hivyo viwili, kila dungu unalojenga unamjengea mpangaji atakayekufuata. Uliza vilevile kama mwenye shamba ana leseni ya kukodisha ardhi kwa uwindaji, kwa kuwa sheria ya Texas inamtaka awe nayo, na asiyekuwa nayo anakuonyesha mapema jinsi anavyoendesha mambo yake.

Kibali cha dola 48

Upande wa pili kuna kibali cha mwaka cha uwindaji wa umma kinachotolewa na Idara ya Hifadhi na Wanyamapori ya Texas. Kwa dola 48 juu ya leseni yako unafunguliwa takriban ekari milioni moja zilizotawanyika jimboni, na mtoto aliye chini ya miaka 17 anaingia kwa kibali cha mtu mzima anayemsimamia. Ndani ya hesabu hiyo umo Msitu wa Taifa wa Sam Houston, wenye ekari zipatazo 163,000 katika kaunti za Montgomery, Walker na San Jacinto, mwendo wa kama saa moja kutoka katikati ya Houston. Yamo pia mashamba binafsi ambayo idara huyakodi kwa ajili ya umma, mengi yakiwa ya njiwa, ambao msimu wao katika kanda za kaskazini na kati hufunguliwa tarehe 1 Septemba. Mtu anayetaka tu kujifunza, mwenye bunduki moja ya marisau na viatu vizuri, kwa maoni yangu hapati pa kuanzia pazuri kuliko shamba la njiwa la Septemba.

Masharti ya ardhi ya umma ni makali zaidi, na ni vyema yajulikane kabla ya kuingia porini. Mahindi hayaruhusiwi, si kuyamwaga wala kuwindia palipomwagwa. Wakati wa mchana lazima uvae rangi ya chungwa inayong'aa, jumla inchi za mraba 400, zikiwemo 144 zinazoonekana kifuani na 144 mgongoni, pamoja na kofia ya rangi hiyohiyo, isipokuwa kwa uwindaji wa aina chache kama njiwa na bata mzinga. Katika misitu ya taifa hakuna kupiga risasi ndani ya yadi 150 kutoka kwenye nyumba au kambi, wala kuvusha risasi juu ya barabara, na hakuna kupigilia misumari mtini: dungu lako ni la kubeba mgongoni. Kila eneo lina nyongeza zake kuhusu silaha, siku na jinsia ya kulungu, kwa hiyo ukurasa wa eneo unalokwenda usomwe kila mwaka, hata kama unadhani unaukumbuka.

Tatizo lenyewe ni watu. Jumamosi ya kwanza ya Novemba, siku ya kufunguliwa msimu mkuu, magari hujipanga kwenye vichochoro vya msitu kama foleni ya petroli, na saa kumi na mbili asubuhi taa za kichwani zinamulikana mtini kwa mtini. Nimekaa asubuhi nzima nikiwa nimezungukwa na vizibao vinne vya rangi ya chungwa, na mnyama pekee niliyemwona alikuwa kindi, ambaye naye alionekana kushangazwa na umati ule. Jumanne iliyofuata nilirudi mahali palepale, nikatembea dakika arobaini kutoka barabarani mpaka kwenye kijito, na sikumwona binadamu mwingine mpaka niliporudi kwenye gari.

Jumamosi ile na Jumanne ile zilibadilisha kabisa namna ninavyolinganisha njia hizi. Unachonunua kwenye mkataba wa kukodi ni utulivu wa wikiendi. Mnyama hauzwi na ardhi inabaki ya mwenyewe. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu: wauguzi wa zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, madereva wa malori, watu wa maghala. Mwenye mapumziko Jumanne na Jumatano anapata utulivu uleule msituni kwa dola 48, na kwake dola 1,620 za kodi ni pesa ya kununua kitu alichonacho tayari. Anayeuhitaji mkataba kwa kweli ni yule wa ofisini mwenye Jumamosi tu, na huyo huwa ndiye mwenye siku chache zaidi za kuutumia. Gawanya basi gharama kwa siku utakazokwenda kweli, si kwa siku unazoziota mwezi wa Agosti. Fungu la dola 1,620 pamoja na sehemu yako ya mahindi, kama dola 67, likigawanywa kwa siku nane linakuja dola 211 kwa siku. Likigawanywa kwa siku thelathini ni dola 56. Kibali cha umma kwa siku nane ni dola 6.

Droo, na kulipia kwa siku

Kati ya njia hizi mbili kuna droo ambayo watu wetu wengi hawaijui. Idara huteua wawindaji kwa kura kwa ajili ya maeneo yake bora na baadhi ya mashamba binafsi, ambako kwa siku zilizopangwa mnaingia wachache tu, kila mtu na sehemu yake. Ombi hugharimu dola 3 au 10 kutegemea aina, na anayeteuliwa kwenye aina nyingi hulipa kibali maalumu cha dola 80 au 130. Za vijana hazitozwi. Asiyeteuliwa hujikusanyia pointi zinazoongeza nafasi yake mwaka unaofuata kwenye kundi lilelile la uwindaji. Maombi huanza katikati ya mwaka na mengi hufungwa kati ya Agosti na Novemba, na kosa kubwa ni kukumbuka droo wakati baridi imeshaingia. Droo haiwezi kuwa mpango wako wote, kwa sababu unaweza kuomba miaka mitatu bila kuteuliwa, lakini kama nyongeza ya kibali cha dola 48 sioni sababu ya kuiacha.

Kulipia kwa siku kwenye ranchi binafsi ni rahisi kueleza: unalipa mamia ya dola kwa kulungu jike, maelfu kwa dume mwenye pembe, unapelekwa, unaonyeshwa pa kukaa, unarudi na nyama. Kwa mtu anayetaka kwenda mara moja tu kwa mwaka na baba yake aliyekuja kutembea, si wazo baya. Kwa anayetaka kujifunza pori, anajifunza kidogo.

Kubisha hodi

Njia ya zamani kuliko zote ni kumwendea mwenye shamba na kumwomba. Wengi husema imekufa, na kwa kulungu dume wa Novemba ni kweli imekaribia kufa, kwa sababu kuna mtu anayelipa. Kwa nguruwe mwitu iko hai. Wanyama hao wanafukua malisho usiku mmoja yakaonekana kana kwamba trekta limepita, na tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya kuwinda kwa anayewaua kwenye ardhi binafsi kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Kwa Waislamu miongoni mwetu nguruwe hao hawana kazi mezani, lakini wana kazi ya kufungua geti: mwenye shamba aliyekuona unakuja unapoahidi, unafunga kila lango unalopita na hukuacha hata ganda la risasi, ndiye ambaye mwaka wa pili anaweza kukuruhusu upige kulungu jike mmoja wa nyama.

Utaratibu wa kuomba una adabu yake. Nenda mchana, wakati ambao si wa msimu, bila sare za kujificha na bila bunduki; mgeni mwenye lafudhi asiyefahamika mtaani ana sababu ya ziada ya kulizingatia hili. Usivuke uzio kwenda kugonga mlango wa nyuma. Mistari ya rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo, yenye urefu usiopungua inchi 8 na upana wa inchi 1, kati ya futi 3 na 5 kutoka ardhini, kisheria ina maana sawa na kibao cha kukataza kuingia. Ukikubaliwa, pata ruhusa kwa maandishi yenye tarehe na mipaka, na ukae nayo shambani. Mwenye shamba akiogopa kushtakiwa ukijiumiza, mweleze kwa upole kwamba sheria ya Texas inapunguza dhima ya mtu anayeruhusu wengine kuitumia ardhi yake kwa burudani bila malipo, wengi hawaijui. Usipokubaliwa, shukuru na uondoke. Katika hodi saba nilizobisha kandokando ya barabara moja ya mashambani, sita zilikataliwa, mbili kati yake kwa ukali.

Waliohamia majimbo mengine wana ulinganisho tofauti, nami nitaugusa tu. Kansas na Montana, kwa mfano, zina mipango ambamo jimbo hulipa wenye mashamba ili wawindaji waingie bila kutozwa chochote mlangoni. Ule wa Montana ulianza mwaka 1985 na wa Kansas mwaka 1995. Huko Wyoming, Colorado na Utah ugomvi ulikuwa juu ya ardhi ya umma iliyozingirwa na ya watu binafsi kama ubao wa drafti, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya eneo hilo iliamua kwamba kuvuka kutoka kona moja ya umma hadi nyingine kwa miguu bila kukanyaga ardhi ya mtu si kosa. Mwindaji wa Denver anahitaji ramani nzuri ya simu zaidi ya anavyohitaji mkataba.

Kwa Texas, ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba misimu miwili ya kwanza asisaini mkataba wowote: achukue kibali cha dola 48, aombe droo tatu au nne, na aanze kubisha hodi mwezi Februari msimu ukiisha. Mwenye watoto wadogo na Jumamosi peke yake atafute kundi ambalo tayari lina mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja, aingie kwa fungu lake, na kifungu cha kwamba kila mtu anadaiwa lake kiwe kimeandikwa. Aliyekwishapandishiwa kodi ahesabu kwanza siku alizokwenda msimu uliopita kabla hajakasirika. Mimi zilikuwa tisa, na tatu kati ya hizo nilikwenda kujaza mahindi.

Sisi wanne tuliachia zile ekari 540. Hodi ya saba, ile iliyoitikiwa, ilikuwa ya mama mmoja mzee mwenye ekari tisini na bustani ya tikiti iliyofukuliwa mara mbili. Tulimwondolea nguruwe kumi na mmoja kuanzia Februari hadi Aprili, nyama akagawa kanisani kwake, na mwezi wa Mei alinipigia simu kuuliza kama nina muda wa kumsaidia kunyanyua nguzo za uzio wa upande wa kijito, akaongeza kwamba huko kijitoni ndiko kulungu wanakonywea maji.